"Mole": neno moja la Kiingereza, maana saba, mizizi mitano

Nilikuwa kidato cha tatu siku mwalimu wa kemia alipoingia darasani, akafuta ubao na kuandika maneno mawili kwa herufi kubwa: MOLE CONCEPT. Chini yake akaandika 6.02 × 10²³. Nilikuwa na kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili niliyoachiwa na dada yangu, jalada limeshikiliwa na selotepu. Nikaifungua mapajani. Ikasema: fuko. Mstari wa pili ukasema: doa jeusi la mwilini. Mstari wa tatu haukuwepo.

Fuko nilikuwa namjua. Kwa babu, kwenye migomba, unaamka asubuhi unakuta vichuguu vya udongo mbichi vimeota usiku, na mgomba uliokuwa umesimama jana umelegea kwa sababu mizizi yake imetafunwa chini kwa chini. Babu alimtegea kwa fito mbichi iliyopindwa kama upinde, kamba ikashuka hadi kwenye njia ya fuko na kuishia kwenye kitanzi cha waya. Tundu aliliacha wazi makusudi. Fuko hapendi upepo uingie nyumbani kwake, hivyo anakuja kuliziba, anagusa kijiti, fito inafyatuka. Sasa mnyama huyo alikuwa anatafuta nini kwenye somo la atomu? Nikajijibu mwenyewe kwamba atomu hazionekani na fuko haonekani, huenda ndiyo sababu. Nilibaki na jibu hilo mpaka namaliza shule. Najua hayakunikuta peke yangu. Watoto wengi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanaingia sekondari na kukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Huko, yanayowaangusha zaidi si maneno marefu. Neno refu la sayansi lina maana moja, ukilikariri umelimaliza. Neno fupi ndilo linalokupotosha, kwa sababu unadhani unalijua.

Kwa hiyo nataka tulifungue hili moja hadi ndani, maana ndani yake kuna mambo ambayo kamusi yangu haikuwa na nafasi ya kuyaeleza.

Tuanze nyumbani. Neno likiwa na maana nyingi, moja kati ya mambo mawili limetokea, na mambo hayo hayafanani hata kidogo. La kwanza ni neno moja kupanuka. Mbuzi ni mnyama, na mbuzi ni kile kibao cha kukunia nazi chenye chuma cha meno mbele. Mtu aliyekiita hivyo aliona miguu, akaona shingo iliyochomoza na kichwa, akaazima jina la mnyama. Sarufi yenyewe inajua tofauti, ndiyo maana tunasema mbuzi huyu anakula majani lakini mbuzi hii imekatika mguu. Hata hivyo ni neno moja, na tawi linaonekana lilipochipukia. Wanaisimu huita hali hiyo polisemia.

La pili ni maneno mawili au matatu yaliyotoka mbali mbali kukutana njiani na kuvaa sura moja. Chukua "kaa". Kaa wa baharini, kaa la moto, na kaa chini. Hakuna anayeweza kukuonyesha kaa wa mikoko amezaa vipi makaa ya kupikia. Ni maneno matatu, siyo moja. Katika lugha mama ya Kibantu, kama wanaisimu wanavyoijenga upya, yalitofautiana kwa umbo au kwa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili kikapoteza toni, na konsonanti iliyokuwa katikati ikaanguka. Mkikuyu hadi leo akitaka ukae anasema "ikara", na makaa kwake ni "makara". Ile r ndiyo iliyodondoka kwetu. Maneno yakasagika, yakabaki kaa, kaa na kaa. Hayo ndiyo homonimu.

"Mole" ina yote mawili. Ni maneno matano ya asili tofauti yaliyogongana, na baadhi yake yakachipua matawi baada ya hapo. Kiingereza kimesaga miisho ya maneno yake kwa karne nyingi kuliko lugha nyingi za Ulaya. Irabu za mwisho zilizotamkwa zamani zilinyamaza, na neno lililoingia kutoka Kifaransa au Kilatini nalo likakatwa mkia. Herufi e mwishoni mwa "mole" inaandikwa tu, haitamkwi. Ukiwa na lugha inayokata mikia namna hiyo, lazima maneno yafanane.

La kwanza ni doa. Hili ndilo lenye asili ya Kiingereza chenyewe, kile cha kale cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wakati huo lilikuwa "māl", a ndefu kabisa. Kiingereza kilikuwa na maneno mengi ya a ndefu ya namna hiyo. Jiwe lilikuwa "stān", nyumbani "hām", mfupa "bān". Katika zama za kati sehemu kubwa ya Uingereza iligeuza a hiyo kuwa o, tukapata "stone", "home", "bone". Na "māl" ikawa "mole" kwa kanuni ile ile. Zamani lilikuwa doa lolote, hasa la kwenye nguo, baadaye likabaki kwenye ngozi ya binadamu. Wajerumani bado wanalo ndugu yake: alama ya kuzaliwa kwao ni "Muttermal", doa la mama. Madaktari wa ngozi wanalitaja neno hili kila siku, kwa sababu doa la namna hiyo likibadilika rangi, likipoteza umbo la duara au likianza kukua, linatakiwa kuonwa mapema.

La pili ni fuko mwenyewe, na hapa naomba nikae kidogo.

Waingereza wa zamani hawakumwita hivyo. Walimwita "mouldwarp", yaani mrusha udongo, jina ambalo mtu yeyote aliyewahi kuona vichuguu vyake atalikubali. Wajerumani wana jina hilo hilo, "Maulwurf", ila masikio yao yalisahau maana ya kipande cha mwanzo na kukisikia kama "Maul", mdomo wa mnyama. Hivyo Mjerumani wa leo anaposema jina hilo anasikia mnyama anayerusha kwa mdomo, ingawa anayerusha hurusha kwa viganja. "Mole" ya mnyama inaanza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14, na Waholanzi wana "mol". Kuna wanaodhani ni ufupisho wa lile neno refu, kuna wanaosema ni neno lake peke yake, na ubishi huo haujaisha. Kilicho wazi ni kwamba halina undugu na doa la kwenye ngozi.

Fuko wa Ulaya ana manyoya meusi mafupi yanayolala upande wowote, mbele au nyuma, kama mahameli. Kwa hiyo anaweza kurudi kinyumenyume ndani ya njia yake nyembamba bila manyoya kukwama. Mahameli hiyo imeingia hata kwenye siasa. Mwaka 1702 mfalme William III wa Uingereza alikuwa amepanda farasi, farasi akajikwaa kwenye kichuguu cha fuko, mfalme akaanguka na kuvunjika mtulinga, na wiki mbili hivi baadaye akafa. Wafuasi wa ukoo wa kifalme aliouondoa madarakani wakawa wakikutana wanainua bilauri kumtakia afya "bwana mdogo mwenye fulana ya mahameli nyeusi". Aliyekuwa na masikio alielewa ni nani.

Lakini yule wa babu si huyo. Fuko wa Ulaya anakula minyoo na wadudu, wetu wa milimani anakula mizizi, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na panya. Wakikuyu wanamwita "huko", na ukiyaweka majina hayo mawili pamoja, fuko na huko, unaona ni neno moja lililopita njia mbili. Wazungu walipofika na kukuta mnyama anayechimba kama fuko na ana meno ya panya, walimwita fuko-panya, "mole-rat". Jina hilo hilo wakampa yule asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia, aliyeelezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1842. Huyo ni kiumbe wa ajabu. Wanaishi kwa kundi chini ya ardhi, wana malkia mmoja anayezaa na wengine wote wanafanya kazi, kama nyuki. Mtafiti Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza Nairobi miaka ya 1960, ndiye aliyeieleza dunia jambo hilo mwaka 1981. Mnyama mwenye ukubwa wa panya anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Na jina lake la Kiingereza limekosea mara mbili, kwa sababu si fuko kama wa Ulaya na si panya hasa.

Kiswahili nacho kina lake hapo. Fuko ni mnyama, na fuko ni mfuko mkubwa. Mtoto anayesoma "aliona fuko" peke yake kwenye mstari hawezi kujua kama kuna mnyama au kuna gunia mpaka aone kiambishi kinachofuata: amefukuliwa, au limefukuliwa. Homonimu zinatukuta hata ndani ya tafsiri ya homonimu.

Kutoka kwa mnyama lilichipuka tawi, na hapa tuko kwenye polisemia, siyo mgongano. Anayechimba chini kwa chini bila kuonekana, ukuta ukaanguka bila kujua nani kauangusha, huyo ni jasusi. Francis Bacon, katika historia yake ya mfalme Henry VII iliyotoka mwaka 1622, aliwafananisha maadui waliomzunguka mfalme kwa siri na fuko wanaochimba bila kupumzika. Lakini hilo lilikuwa fumbo la mwandishi mmoja. Lililolifanya neno la kila siku ni riwaya ya John le Carré ya mwaka 1974. Mwandishi huyo aliwahi kufanya kazi katika ujasusi wa Uingereza, na baada ya kitabu hicho magazeti yakalichukua neno, na mashirika ya ujasusi yenyewe yakalizoea. "Mole" si mpelelezi wa kawaida anayevuka mpaka usiku. Ni mtu aliyeingizwa au kugeuzwa, anakaa ndani ya ofisi ya adui miaka na miaka, anapanda cheo, anasubiri. Kim Philby alifika ngazi za juu za ujasusi wa Uingereza huku akiwatumikia Warusi, na alipokaribia kubanwa mwaka 1963 akatoroka Beirut kwenda Moscow. Robert Hanssen wa FBI ya Marekani alianza kuwauzia Warusi siri mwaka 1979 na hakukamatwa hadi 2001. Katikati ya miaka hiyo alipewa kazi ya kuchambua ni nani ndani ya shirika anayevujisha siri. Aliyekuwa akimtafuta ni yeye mwenyewe.

Kiswahili hakikuhitaji mnyama kwa maana hiyo. Tunasema pandikizi, kutoka kwenye kupandikiza mche. Waingereza waliangalia anavyochimba, sisi tukaangalia alivyowekwa. Nadhani letu linasema zaidi, kwa sababu linakumbusha kwamba nyuma ya pandikizi kuna aliyempanda. Ila nalo lina pacha wake: pandikizi la mtu ni jitu kubwa, halihusiani na ujasusi.

Kabla hatujatoka kwa hawa wawili, doa na fuko, kuna mahali walipokutana ana kwa ana. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare ya mwanzoni mwa miaka ya 1600, mwana wa mfalme anasema kwamba mtu mwenye sifa zote njema anaweza kuharibiwa na "mole" moja ya maumbile aliyozaliwa nayo. Hilo ni doa. Muda mfupi baadaye, katika tendo hilo hilo la kwanza, mzimu wa baba yake unasema naye kutoka chini ya ardhi, kila akihama na sauti inahama, naye anauita "old mole", fuko mzee, na kustaajabu unavyochimba upesi. Watazamaji wa London walilisikia neno lile lile mara mbili usiku mmoja. Mfasiri wa Kiswahili hapo hana budi kuyatenganisha, doa huku na fuko kule, na mwangwi uliopo kati yao unamponyoka.

Sasa tuvuke bahari. Kilatini kilikuwa na neno "moles", lenye maana ya rundo, tungamo, kitu kizito kilichojazana. Waitalia wakalifanya "molo", Wafaransa "môle", na katika karne ya 16 Waingereza wakalichukua kwa maana moja tu: ukuta mnene wa mawe unaoingia baharini kuzuia mawimbi. Kwa Kiswahili watu wengi wangesema gati, ingawa gati ni pa kufungia chombo na huu kazi yake ya kwanza ni kuvunja mawimbi. Tiro ya kwenye Biblia ilikuwa kisiwa. Mwaka 332 kabla ya Kristo, Aleksanda wa Makedonia alipokosa njia ya kuuteka mji huo aliwaamuru askari wake wajaze mawe na miti baharini mpaka wakafika ukutani kwa miguu. Mchanga ukaendelea kujikusanya juu ya tuta hilo karne baada ya karne, na leo Tiro, nchini Lebanoni, si kisiwa tena. Na mwaka 1940, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipobanwa Dunkirk, askari zaidi ya 338,000 waliokolewa kwa meli. Picha tunazoonyeshwa ni za mistari ya watu ufukweni wakiwa ndani ya maji hadi kifuani, lakini walio wengi walipandia bandarini, sehemu kubwa kupitia "mole" ya mashariki, ukuta mrefu mwembamba ambao haukujengwa kwa ajili ya meli kuegeshwa.

Hapa ndipo darasa langu la kemia linaporudi.

Wanasayansi wa karne ya 17, waliokuwa wakiandika kwa Kilatini na Kifaransa, walihitaji jina la kipande kidogo mno cha kitu. Wakachukua "moles" na kuifanya ndogo: "molecula". Sisi tungetumia kiambishi ki-, tungesema kirundo. Hiyo ndiyo molekuli. Miaka ya 1890 mkemia Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Leipzig, alitaka neno fupi la kipimo kilichokuwa kikiitwa kwa jina refu la gramu-molekuli. Akaikata molekuli ya Kijerumani ikabaki "Mol". Waingereza wakaandika "mole", na wakati huo hawakukosa maana nyingine za neno hilo mezani. Kwa hiyo ile iliyoandikwa ubaoni na ukuta wa Dunkirk ni watoto wa neno moja. Fuko hakuwa na sehemu yoyote katika hayo. Rundo likawa kirundo, kirundo kikakatwa mkia kikawa moli, na moli ikarudi kuwa kipimo cha rundo unaloweza kulishika mkononi.

Nasema kulishika kwa maana yake kamili. Nenda dukani umwambie muuzaji akupimie sukari robo kilo, aongeze gramu 92. Jumla ni gramu 342, na hiyo ni moli moja ya sukari. Ukitaka moli ya maji, chota kijiko cha mezani na matone zaidi kidogo, gramu 18. Moli ya chumvi ni gramu 58 na nusu hivi. Uzito unatofautiana lakini hesabu ni ile ile: kwenye kijiko cha maji kuna molekuli 6.02 × 10²³, na kwenye ule mfuko wa sukari vivyo hivyo. Ni kama dazeni. Dazeni ya mayai na dazeni ya matikiti hazilingani uzito, lakini zote ni 12. Tofauti ni kwamba dazeni ya mkemia ni kubwa kupita akili. Mtu angeweza kuhesabu molekuli milioni moja kila sekunde, bila kulala, angemaliza kijiko cha maji baada ya miaka bilioni 19 hivi, na ulimwengu wenyewe una umri wa bilioni 13.8. Moli iliingizwa kwenye vipimo vya msingi vya kimataifa mwaka 1971, na tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa kwa idadi kamili isiyobadilika: 6.02214076 × 10²³. Kama mwalimu angetuambia neno hili ni "rundo" na idadi hii ni kama dazeni, nusu ya darasa lisingepotea siku ile.

Idadi hiyo inaitwa ya Avogadro, kwa heshima ya Amedeo Avogadro, ambaye hakuihesabu yeye. Alikuwa mwanasheria aliyehamia sayansi, na mwaka 1811 alisema kwamba gesi zenye ujazo, joto na mgandamizo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Jina lake lilipewa idadi hiyo na Mfaransa Jean Perrin mwaka 1909. Avogadro alizaliwa, akafundisha na kufia Torino, kaskazini mwa Italia. Na jengo linalotambulisha Torino, lenye mnara uliochongoka kwa urefu wa zaidi ya mita 167, linaitwa Mole Antonelliana, rundo la Antonelli, kwa jina la msanifu wake. Ni "moles" ile ile ya Kilatini. Lilianza kujengwa mwaka 1863, miaka saba baada ya Avogadro kufariki, na leo limechorwa kwenye sarafu ya Italia ya senti mbili za yuro. Mji mmoja umebeba rundo la mawe na jina la rundo la molekuli, na sidhani kuna aliyepanga.

Kuna neno jingine la Kilatini ambalo linafanana na hilo mno lakini si ndugu yake: "mola", jiwe la kusagia. Hilo ndilo lililoyapa magego jina la Kiingereza, "molar", meno ya kusaga. Angalia sasa mtego uliopo. Mwanafunzi anasoma "molar mass" kwenye kemia, na hiyo inatoka kwenye rundo. Anakwenda kwa daktari wa meno anasikia "molar", na hiyo inatoka kwenye jiwe la kusagia. Akisomea udaktari anakutana na "molar pregnancy", au kwa kifupi "mole", na inabidi ajue ni ipi kati ya hizo.

Ni ya jiwe la kusagia. Waganga wa Ugiriki ya kale walikutana na wanawake waliobeba tumbo miezi kadhaa na mwisho likatoka pande la nyama lisilo na mtoto. Wakaliita kwa jina la jiwe la kusagia, kwa uzito wake tumboni, na Warumi wakatafsiri neno kwa neno. Hospitalini kwetu hali hiyo inaitwa mimba zabibu, na kwangu jina hili ni sahihi kuliko lao. Mara nyingi inatokea pale mbegu ya kiume inapoingia kwenye yai lisilo na kiini chake. Mtoto haundiki, lakini kondo la nyuma linakua kwa kasi bila mpangilio, na vinyuzi vyake vinajaa maji na kuwa vifuko laini vinavyoning'inia pamoja. Anayeona yanayotoka anaona kichala cha zabibu, haoni jiwe. Jina la Kiswahili limetoka kwa mtu aliyetazama.

Nalitaja kwa kirefu kwa sababu wapo wanawake wanaoambiwa neno hili siku ambayo hawana nguvu za kuuliza maana yake. Mimba inaonekana kwenye kipimo, tena homoni ya ujauzito iko juu sana, kutapika kunazidi, damu inatoka, tumbo linazidi miezi yake. Ultrasaundi haionyeshi mtoto. Kizazi kinasafishwa, kisha mama anatakiwa kurudi kupimwa homoni kwa miezi na kuepuka ujauzito mwingine kwa muda huo, kwa sababu kwa wachache mabaki yanaweza kugeuka saratani. Saratani hiyo ilikuwa ikiua hadi mwaka 1956, pale Min Chiu Li na Roy Hertz, madaktari wa Bethesda huko Marekani, walipomponya, kwa dawa ya methotrexate peke yake, mgonjwa ambaye ilikuwa imeshamsambaa mwilini. Ilikuwa mara ya kwanza dawa kuponya saratani ya uvimbe iliyosambaa mwilini. Leo walio wengi wanapona, na wengi wanazaa baadaye. Hakuna aliyerogwa na hakuna aliyekula kitu kibaya. Mama akiambiwa tu kwamba ana "mole" hataondoka na lolote kati ya hayo.

Limebaki moja, na hili halikutoka Ulaya. Wahispania walipofika Meksiko katika karne ya 16 walikuta watu wanaozungumza Kinahuatl, lugha ya Waazteki, ambayo bado ina wazungumzaji zaidi ya milioni moja. Mchuzi kwao ulikuwa "molli". Wahispania wakaandika "mole". Kwa kuwa Kihispania nacho kina "moler", kusaga, na kwa kuwa mchuzi huo unasagwa, watu wengi wanaamini jina limetoka huko. Halikutoka. Ni Kinahuatl, kama lilivyo neno chokoleti. Unaojulikana zaidi ni wa mji wa Puebla: pilipili kavu za aina kadhaa, ufuta, karanga, mdalasini na chokoleti isiyo tamu, vyote vikasagwa na kupikwa mpaka vikawa rojo jeusi linalomwagwa juu ya bata mzinga. Na wale waliowahi kula parachichi lililopondwa na chumvi, ndimu na pilipili wameshakutana na neno hili bila kujua, kwa sababu "guacamole" ni "ahuacatl", parachichi, na "molli", mchuzi.

Hili la mwisho ndilo pekee kwenye Kiingereza ambalo e yake haikunyamaza. Mwingereza analazimika kufundishwa kulitamka. Mtoto wa Kiswahili akiliona kwenye orodha ya vyakula kwa mara ya kwanza na kulisoma kama lilivyoandikwa, mo-le, atakuwa amelipatia.